Dagaa wa Bi Pilrye Hawana Hatia

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Bi Pilrye huketi kwenye kibaraza cha mbao, bakuli la dagaa wakavu mapajani, na kuanza kuwachambua. Humshika dagaa kwa vidole viwili. Kichwa kinatoka, tumbo jeusi linafuata, na kilichobaki hukichovya kwenye pilipili ya kusaga na kukitia mdomoni. Vichwa ni vya paka. Wakati huohuo spika iliyofungwa juu ya nguzo ya kijiji hukohoa.

"Ah, ah. Inasikika? Huyu ni mwenyekiti wenu."

Na Bi Pilrye, bila kuinua macho, humjibu kwa sauti ileile ya mwenyekiti, kikohozi kwa kikohozi, hata mikwaruzo ya spika ikiwemo: "Ah, ah. Tunasikia, baba. Sisi si viziwi."

Mkwe wake, Mama Daon, aliusikia mchezo huo kutoka jikoni tangu alipoolewa, na bado kulikuwa na siku ambazo hakujua ni yupi aliyetangulia kusema. Alikuwa mwanamke mkimya, mfanyakazi wa maktaba ya wilaya, na kwake ilikuwa rahisi kumaliza kitabu kizima kuliko kumaliza sentensi moja mbele ya watu. Mwanawe wa pekee, Daon, alikuwa akisoma Busan. Hivyo nyumbani walikuwa watatu: yeye, mumewe Kyusik, na mama mkwe ambaye sauti yake ilitosha watu sita.

Ndiyo, sauti zilimtoka Bi Pilrye kama nyuzi zinavyomtoka buibui. Aliweza kuiga mchuuzi wa samaki, kasisi, hata mbuzi wa jirani. Lakini iliyompa jina kisiwani Namhae ilikuwa ya Mwenyekiti Pyo Sangdu. Miaka mingi nyuma, Sangdu akiwa mwenyekiti mpya, mfereji wa maji wa kijiji uliziba, naye kila siku akisema kesho. Siku moja akapanda basi kwenda kwenye arusi Jinju. Bi Pilrye akaingia ofisini kwake, akajifungia kwa ndani, akawasha maiki na kukohoa. "Ah, ah. Huyu ni mwenyekiti wenu. Kila mtu atoke na jembe, tunasafisha mfereji." Kijiji kizima kikatoka. Hata mke wa Sangdu, aliyempandisha mumewe basi asubuhi ile kwa mikono yake mwenyewe, alitoka na jembe begani. Jioni Sangdu alirudi akakuta maji yanakwenda na watu wanamsifu. Akafanya la busara: akazipokea sifa.

Familia yao iliishi kwa dagaa. Kwenye mlango wa bahari, maji yanapokwenda kasi kati ya visiwa viwili, Kyusik alikuwa na wando, uzio wa mianzi wa kunasia samaki, aliourithi kwa baba yake. Dagaa huingia wenyewe na maji, wakatolewa kwa upole, na magamba yao hayachubuki. Ndiyo maana bei yao humfanya mgeni aulize mara mbili. Kibanda chao cha kuuzia kilikuwa kando ya barabara, na juu yake Kyusik alitundika bango alilolitunga mwenyewe: KALSIAMU IKO HAPA. MAGOTI YAKO YATAKUSHUKURU.

Shida ilianza na kiu.

Baada ya sikukuu ya mavuno, watu wakiwa mashambani kupanda vitunguu saumu, Bi Pilrye alianza kumaliza birika la maji ya shayiri kabla ya saa nne. Anakunywa, anakwenda haja ndogo, anarudi kunywa. Chakula kikamchosha. Choo kikawa kigumu. Mifupa ikamuuma, na mchana akawa analala hapohapo kibarazani.

Jirani yake, ambaye kila mtu alimwita Bibi wa Tongnae kwa sababu huko ndiko alikotoka alipoolewa, alimtazama akatikisa kichwa.

"Hiyo ni mifupa, dada. Umri huu wetu mifupa inalegea kama andazi la jana. Kalsiamu imekuisha."

"Itaniishaje na mimi nalala juu ya magunia ya dagaa?"

"Basi amka uwale, usiwalalie."

Akawala. Aliongeza bakuli la pili mchana. Kyusik akamnunulia maziwa na vidonge vya kalsiamu. Kadiri walivyomwongezea, ndivyo kiu ilivyozidi, na sasa hata maneno yakaanza kumpotea. Alianza sentensi akaiacha katikati kama mtu aliyesahau mwavuli. Siku moja aliwachambua dagaa vizuri kabisa, kisha akatia vichwa kwenye supu na kumrushia paka minofu. Nyumba nzima, paka ndiye peke yake aliyeona mambo yanaendelea vizuri.

Kisha ikaja asubuhi ile. Spika ikakohoa. "Ah, ah. Inasikika? Huyu ni mwenyekiti wenu." Mama Daon akiwa jikoni na mwiko mkononi alisubiri jibu. Alisubiri mpaka Sangdu akamaliza habari za gari la taka na kuzima. Hakuna aliyejibu.

Akatoka. Bi Pilrye alikuwa amekaa mahali pake, bakuli mapajani, mikono imetulia.

"Mama, mwenyekiti alikuwa anaongea."

"Nani?"

"Sangdu."

"Simjui. Mwambieni apunguze kelele."

Mama Daon alimtazama machoni akitafuta mzaha. Hakuuona.

Wiki hiyo Kyusik alimkuta mama yake kwenye ngazi ya wando, maji yakimpiga magotini, akisema anamsubiri mumewe, ambaye kaburi lake lilikuwa mlimani mbele ya macho yake. Jioni, Kyusik alikaa mezani bila kugusa kijiko.

"Akili yake inaondoka," alisema. "Ni uzee. Iko nyumba ya wazee ng'ambo ya daraja, safi, wauguzi wapo mchana na usiku."

Mama Daon alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa kifuani tayari, lina mwanzo na mwisho, lakini halikutoka.

"Mimi niko baharini, wewe uko kazini," Kyusik aliendelea. "Akizama nitamwambia nini baba?"

Hakuwa mwana mbaya. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kubishana naye.

Nyumba ya wazee haikumpokea mtu bila kupimwa afya, kwa hiyo walimpeleka kliniki ya mjini, akatolewa damu. Bi Pilrye alikuwa amebeba mfuko wake wa dagaa na hakukubali mtu aushike. Kesho yake simu iliwakuta kwenye gari, wakiwa njiani kumwonyesha chumba ambacho kingekuwa chake.

"Geuzeni gari," daktari wa kliniki alimwambia Kyusik. "Mpelekeni Jinju, hospitali kubwa, leo hii. Kalsiamu kwenye damu yake imepanda vibaya mno. Kuchanganyikiwa kwake huenda kunatokana na hiyo."

Kyusik alisimamisha gari kando ya barabara. Aligeuka taratibu, akautazama mfuko uliokuwa mapajani kwa mama yake.

"Dagaa," alisema. "Tumemlisha mama yangu sumu kwa mikono yetu."

Huko Jinju walimtundikia maji ya chumvi, chupa baada ya chupa, na kumpa dawa ya kuibana mifupa isiendelee kuachia kalsiamu. Daktari wake alikuwa mwanamke kijana, Daktari Ok, nywele zake amezifunga juu kwa kalamu. Akasema vidonge vya kalsiamu na maziwa viachwe mara moja. Kyusik alikwenda mbali zaidi: dagaa walitoka wodini, wakatoka garini, na bango la kibandani likashuka.

Siku ya pili Mwenyekiti Pyo alifika na boksi la matunda. Alimtazama mgonjwa aliyelala, akafuta macho, kisha akamvuta Kyusik pembeni.

"Mdogo wangu, hilo la dagaa ulilonieleza kwenye simu, nani mwingine umemwambia?"

"Mke wangu tu."

"Ibaki hivyohivyo. Sasa ndio msimu wa wageni. Wakisikia dagaa wa Namhae wanampandisha mtu kalsiamu mpaka asinitambue mimi, mwenyekiti wake, tutawauzia nani? Bango lenu linasemaje?"

"Kalsiamu iko hapa."

"Yesu wangu. Lishushe."

"Nimeshalishusha."

"Lichome."

Maji na dawa vilifanya kazi polepole. Mama Daon aliomba likizo maktaba, akakaa kando ya kitanda na kitabu ambacho hakufungua ukurasa wake. Alichokuwa akikisubiri hakukijua jina. Alimsikiliza tu mama mkwe wake akipumua.

Asubuhi moja, spika ya dari ya wodi ilitoa mlio wa kengele, ikafuata sauti ya msichana, laini kama mafuta: "Wapendwa wageni wetu, muda wa kuwaona wagonjwa umekwisha. Asanteni kwa kutuelewa."

Kutoka kitandani, macho yakiwa yamefumbwa, sauti ileile laini ikaendelea: "Tunawapenda sana. Viatu vyenu viko mlangoni."

Wageni wa kitanda cha pili waliinuka wakaaga. Mama Daon akabana mdomo kwa mkono, na machozi yakamtoka na kicheko kwa pamoja.

"Mama?"

"Huyo binti anabana pua," Bi Pilrye alisema. "Mama Daon, kwa nini nina kiu kama mtu aliyelamba chumvi? Na dagaa wangu wako wapi?"

Kyusik alipofika aliambiwa kwamba mama amejibu spika. Alikaa sakafuni pale alipokuwa, mtu mzima na viatu vyake vya mpira. Lakini kuhusu dagaa hakulegea.

"Dagaa basi tena, mama. Ndio waliokuleta huku."

"Nimekula dagaa tangu sina meno mpaka nakaribia kutokuwa nayo tena. Leo ndio wamenikumbuka?"

"Mama yako anasema kweli," alisema Daktari Ok, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Vile vidonge na maziwa havikusaidia, lakini mwili wenye afya unajua kukataa kilichozidi. Dagaa peke yao wasingemfikisha hapa. Na isitoshe, tumewaondoa, tumemwekea maji na dawa, na ndiyo, imeshuka, lakini si kama nilivyotaka. Kuna kitu bado kinaisukuma juu."

Akavuta kiti.

"Shingoni kuna tezi nne, ndogo kama punje za mchele. Kazi yake ni kutoa amri. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, zinatoa homoni, na mifupa ikiipata amri hiyo inafungua ghala. Kalsiamu ikizidi, tezi zinanyamaza. Nimezipima za mama. Zimenyamaza kabisa, hazina kosa. Ila mifupa inaendelea kutoa, na figo zinaendelea kuizuia isitoke na mkojo, kama vile amri bado inakuja."

"Sasa nani anaamuru?" Kyusik aliuliza.

"Kuna aina za uvimbe zinazotengeneza kitu kinachofanana na ile homoni. Si yenyewe, lakini mwanzo wake umefanana nayo kiasi kwamba mifupa haiwezi kutofautisha. Nimetuma damu Seoul ili kitafutwe."

"Yaani uvimbe huo uko kwenye mifupa?"

"Si lazima. Unaweza kuwa mbali nayo kabisa, haujaigusa. Unatuma tu."

Kyusik alikunja uso. Aliielewa bahari, injini na hesabu za kodi, lakini hiki kilimpita. Daktari akaanza kueleza upya, na hapo Mama Daon, ambaye hajawahi kumkatiza hata karani wa posta, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

"Ni kama mama alivyowatoa watu wakasafishe mfereji."

Wote wakamgeukia. Masikio yakamwaka moto, lakini sentensi ilikuwa imeshatoka, ikabidi aifuate. Akamsimulia daktari habari ya maiki, arusi na jembe. "Mwenyekiti wa kweli alikuwa Jinju, hajasema neno," alimalizia. "Lakini watu walisikia sauti yake, wakatoka."

Bi Pilrye alicheka mpaka mti wa dripu ukatikisika.

"Na Sangdu huko anakula tambi za arusi! Kwa hiyo daktari, tezi zangu ziko arusini, na kuna mshenzi ameshika maiki."

"Sitaweza kulieleza tena kwa namna nyingine," alisema Daktari Ok.

"Basi mkamtoe. Mimi walishindwa kunitoa kwa sababu nilifunga mlango kwa ndani."

Daktari alitabasamu, kisha akaacha kutabasamu, akawaambia ukweli wote: kwamba sauti ya namna hiyo mara nyingi ni ya saratani, na mara nyingi inaposikika saratani imeshakwenda mbali. Wangepiga picha mwili mzima ndipo wajue. Kyusik aliushika mguu wa mama yake juu ya blanketi na hakuuachia.

Picha ilionyesha uvimbe mmoja, mkubwa kama yai la bata, kwenye figo ya kushoto. Kwenye mapafu hapakuwa na kitu, kwenye ini hapakuwa na kitu, na mifupa yenyewe ilikuwa safi. Jibu la Seoul likafuata: kile kitu kinachoiga kilikuwamo kwenye damu, na kingi. Daktari Ok alisema wamebahatika, akaongeza kwamba yeye halitumii neno hilo ovyo.

"Figo moja inatosha?" Bi Pilrye aliuliza.

"Inatosha."

"Hata macho ningeweza kubaki na moja. Mdomo ndio ninao mmoja tu, usiuguse."

Walimpasua. Kyusik na mkewe walikaa kwenye benchi la ukumbi, na Mwenyekiti Pyo katikati yao, amevaa suti yake ya arusi kwa sababu ndiyo suti aliyo nayo. Mpasuaji alipotoka na kusema figo imetoka na uvimbe wake wote, mwenyekiti ndiye aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kalsiamu ikaanza kushuka siku ileile. Ikashuka ikafika pazuri. Ikapita.

"Sasa imekuwa ndogo kuliko ninavyotaka," alisema Daktari Ok alipopita wodini, na Kyusik akasimama kwa hofu. "Usiogope. Ile dawa ya kubana mifupa bado inafanya kazi, aliyekuwa akiamuru hayupo, na mifupa iliyoibiwa muda wote huo sasa inadai chake. Tutampa vidonge vya kalsiamu kwa muda. Na akiwataka dagaa, ale."

Kyusik alitoa simu mfukoni.

"Daktari, naomba urudie hapo mwisho, taratibu, na utaje dagaa kwa jina."

Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilimsikia Daktari Ok kupitia spika ya nguzoni. Mwenyekiti Pyo aliibandika simu kwenye maiki na kuicheza sauti ile mara tatu, kisha akaeleza kwa maneno yake, kwa urefu wake, kwamba dagaa wa Namhae hawana hatia, hawajawahi kuwa nayo, na aliyesema vinginevyo ajitokeze. Ndiyo kwanza kijiji kikajua kwamba kulikuwa na mtu aliyesema vinginevyo. Bibi wa Tongnae alikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza ni nani.

Bi Pilrye alirudi nyumbani akiwa na kovu ubavuni na ahadi ya kwenda Jinju kila baada ya miezi kadhaa kupimwa. Daktari hakumwahidi zaidi ya hapo, naye hakudai. Bango lilirudi juu ya kibanda, ila alimwamuru Kyusik aligeuze, na upande wa pili aandike DAGAA tu. "Mwenye magoti atajijua," alisema.

Jumapili moja asubuhi Mama Daon alitoka jikoni, akaketi kibarazani kando ya mama mkwe wake, akachukua dagaa kutoka bakulini na kuanza kumchambua. Hakuwa na mazoea hayo. Paka alisogea karibu. Spika ikakohoa, Bi Pilrye akaijibu kikohozi kwa kikohozi, mwenyekiti akatangaza habari za mbegu za mchicha na kuzima.

Mama Daon alikuwa na swali moja. Alikuwa nalo tangu siku ile gari lilipogeuzwa njiani, amelibeba hospitalini, amelirudisha nyumbani. Alimchambua dagaa wa pili, na wa tatu akamharibu.

"Mama," alisema. "Kama isingekuwa uvimbe. Kama ungekuwa ni uzee kweli, na akili imeondoka. Ungetaka tufanye nini?"

Bi Pilrye hakuiga sauti ya mtu yeyote.

"Mngenipeleka," alisema. "Ila mngekuja Jumapili, mniletee dagaa."